Jepkoech wa Mchana

Jumatatu, 5 Mei 2025

Senge amefika! Senge Chepngeno, dada mkubwa wa marehemu Baba. Ametoka Elburgon na kibuyu cha maziwa ya mursik, kuku mzima na maneno mengi. Ati amekuja kukaa nami mpaka nijifungue. Kibii amefurahi kuliko mimi — mume wangu anajua sasa hatapika.

Saa ya chai Najwa, jirani wa mlango wa pili, akaja kuona tumbo. Hadithi ikawa ya majina. Kwao, watu wa Lamu waliohamia hapa Nakuru tangu enzi za babu, jina linachaguliwa kwa maana, linatangazwa siku ya saba. Lake ni Kiarabu: maneno ya kunong'onezana, ya siri. Tulicheka — Najwa hajawahi kunong'ona tangu nimjue! Nikamwambia kwetu Wakalenjin hatuchagui, mtoto anakuja na jina lake. Akifika ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, huyo ni Chelimo. Mimi ni Jepkoech kwa sababu nilifika kukipambazuka.

Senge akacheka, chai bado iko mdomoni. "Kupambazuka gani? Wewe ulikuja mchana. Tulikuwa tunapukuchua mahindi."

Akaweka kikombe chini. Akasema hapana, huyo alikuwa mwingine, ni uzee tu.

Najwa aliniangalia, akaaga haraka.

Ulikuja. Hakusema ulizaliwa. Ama mimi ndio nasikia vibaya?

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia Mama. Nimemuuliza nilizaliwa saa ngapi. Akauliza kama Senge anakula vizuri. Nikarudia swali. Akasema mtu mwenye tumbo kubwa haulizi maswali ya namna hiyo. Akakata.

Mama hajawahi kunikatia simu!

Alhamisi, 8 Mei

Kaka yangu Kiptum anafanya kazi Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe. Nimemshika kwa simu saa ya lunch. Mwanzo alikuwa anacheka. Nilipomuuliza, kicheko kikaisha. Alikuwa bado hajaanza shule, anasema. Anakumbuka mtoto akilia nyumbani. Kisha hakuna kilio, watu wamejaa, wanaimba. Kisha mtoto tena.

"Nilidhani watoto huenda na kurudi," akasema.

Ati aliambiwa kuna kitu asiniambie. Miaka ikapita, akasahau ni kitu gani hasa.

Jumamosi, 10 Mei

Senge analia jikoni. Anasema amevunja nyumba ya kaka yake. Kibii anasema twende Elburgon tukamuulize Mama uso kwa uso. Kesho, baada ya kanisa.

Sijui nataka kusikia ama sitaki.

Jumapili, 11 Mei

Mama alikuwa anatungoja mlangoni, bado na nguo za kanisani. Hakuuliza habari ya njia. Aliketi, akanishika mkono, akaanza tu.

Ndiyo, alizaa mtoto aliyeitwa Jepkoech. Kulipopambazuka, jogoo wakiwika. Mtoto mzima, mwenye nywele nyingi. Kabla ya mwezi kuisha akashikwa na homa. Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na ua.

"Maziwa hayakujua kwamba amekufa," Mama akasema. "Yaliendelea kutoka."

Halafu mchana mmoja mvua ikanyesha vibaya sana. Walikuwa ndani, yeye na Senge, wakipukuchua mahindi. Mwanamke akaja kujikinga kwenye baraza. Mmoja wa wale waliotoka mbali huko kaskazini kufuata kazi za mbao. Mwembamba, macho ya homa. Mgongoni mtoto aliyelia mpaka sauti ikaisha. Kiswahili hakujua, Kikalenjin hakujua. Mama akampokea mtoto, akamnyonyesha.

Mtoto ni mimi.

Nikasema, endelea. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwanamke alikaa nao siku chache. Asubuhi moja akaamka, akaweka mkono juu ya kichwa changu, akamwangalia Mama sawasawa. Akasema, "Nakuru." Akarudia, mkono bado uko kichwani. "Nakuru." Akatoka.

Mama alidhani anaenda mjini kutafuta dawa, atarudi. Wakangoja. Baba akamfuata. Akamtafuta Nakuru stesheni, sokoni, hospitali, kwenye milango ya makanisa. Akirudi anapumzika, anaenda tena. Hakumpata.

Nikamuuliza Mama kwa nini alinipa jina la marehemu. Nilikuwa mkali. Kibii alinigusa bega.

"Sikukupa," akasema. "Nilikuwa nikikunyonyesha nalitaja. Mdomo ulikuwa umelizoea. Siku moja nikalitaja, nikakuona umegeuka."

Na nilipopata kazi Nakuru, akasema, alilia wiki nzima. Nilidhani ni furaha.

Sikulia. Nilikula ugali wote, na mboga. Sijui kwa nini naandika hilo.

Jumatano, 14 Mei

Kibii akiniita, naangalia nyuma kuona anaita nani.

Yule mtoto wa nyuma ya nyumba — alienda na jina lake ama aliniachia? Na mimi nilipogeuka, niligeukia nini? Sauti tu. Mtoto hajui maana.

Nina hasira na Mama. Halafu nakumbuka maziwa, hasira inapotea, nabaki sina kitu cha kushika.

Jumamosi, 17 Mei

Acha niandike polepole.

Tulikuwa kwa mitumba na Najwa, nimeshamsimulia yote, kutafuta nguo za mtoto. Nachagua soksi. Nyuma yangu mama mmoja anapiga kelele: "Nakuru! Nakuru!" Nikafikiri ni wa kuita abiria. Nikageuka. Alikuwa muuzaji mmoja wa pale, anamwita msichana mdogo aliyekimbilia barabarani. Mtoto akarudi.

Najwa ndiye aliyesogea.

"Mathe, mtoto anaitwa Nakuru? Kama huu mji?"

Yule mama akacheka. "Wee! Si Nakuru. Ni *Nakiru*. Sisi ni Waturkana. Ni mtoto wa mvua, alizaliwa ikinyesha."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akaacha kucheka, akamvuta mtoto karibu na sketi yake. "Kwani wewe unataka nini na mtoto wangu?"

Najwa akanong'ona — ndiyo, yeye! — "Jepkoech, yule mwanamke alikuwa amekuwekea mkono kichwani."

Soksi nimeziacha hapo.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Mama kwa simu. Akaniambia niseme polepole. Na-ki-ru. Akajaribu. Akasema Nakuru. Akajaribu tena.

Halafu: "Baba yako alitembea huo mji wote."

Namwona Baba na viatu vyake vya shamba, anauliza watu stesheni. Na labda yule mwanamke hakuwahi kukanyaga hapa. Labda alirudi kwao. Labda hakufika hata barabarani. Hakuwa anaaga — alikuwa anamwambia Mama mtoto anaitwaje, ili amtunze na jina lake.

Ama alisema Nakuru kweli! Ni mji, watu huenda. Mvua ilikuwa inanyesha nilipofika, lakini nilipozaliwa? Nani anajua? Hakuna wa kumuuliza. Nageuza hayo majina mawili mdomoni tangu asubuhi, sasa yote mawili yamekuwa kelele tu.

Senge ameniuliza kama aendelee kuniita Jepkoech. Nikamwambia sijui, Senge. Akasema basi ataniita mama, hilo halina makosa.

Jumanne, 20 Mei

Hospitali. Uchungu umeanza wakati wa chai ya saa nne. Naandika kati ya mmoja na mwingine, kunanituliza. Kibii anatembea kwenye korido kama ndiye anayezaa. Mama yuko njiani kutoka Elburgon.

Nesi ameingia. Kijana, mpole, kalamu mkononi. "Jina la mama?"

Nikamuuliza mama yupi.

Akacheka. "Wewe! Mama wa mtoto."

Senge alifungua mdomo, akaufunga.

Mama ndiyo huyu anaingia, anahema, kitambaa kimeteleza kichwani. Amesikia swali. Anamwambia nesi, anaitwa Jepkoech. Halafu anasogea, ananiwekea mkono kichwani. Anaongeza lile lingine, polepole, silabi moja moja. Safari hii amelipata sawasawa.

Nesi anauliza, sasa aandike lipi?

Wote wananiangalia.