Weusi wa Picha ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua unapopanda ngazi za pale kazini. Mimi mwili hauna neno, na kazi studio zipo. Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Nimepiga mara tatu wiki hii, na kila ukipokea naishia kukuuliza kama kwenu kumenyesha. Kwa kalamu huenda nikafika ninakokwenda.

Ni kuhusu picha ya Mama, ile ndogo iliyopatikana kwenye sanduku la marehemu shangazi. Ulikuwa hujaiona tangu utotoni, na siku ile machozi hayakukuruhusu kuitazama vizuri. Ulinikabidhi papo hapo ndani ya kitambaa, ukaniomba niikuze uitundike sebuleni. Mama ameketi kwenye cherehani, amevaa gauni jeusi, na nyuma yake mlango uko wazi.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nikaiskani, nikachapa, ikatoka imepauka, gauni la Mama limekuwa rangi ya majivu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba mwaka mzima. Nikaongeza wino, karatasi ikalowa na kujikunja. Bosi wangu, ambaye sote tunamwita Babu Wino ingawa hajafika hata miaka hamsini, alinitazama nikiharibu karatasi ya nne, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba printa haina kosa. Karatasi yangu ilikuwa ya kung'aa, nami nilikuwa nimeiambia mashine kuwa ni karatasi ya kawaida, kwa hiyo ilikuwa inatoa wino mweusi usioshika pale. Akanionyesha jinsi ya kubadili wino, kuchagua aina sahihi ya karatasi, na kuiacha picha ikauke kabla sijaihukumu. Akanionya pia nisizamishe kila kitu gizani. Weusi mzuri, alisema, jicho linaingia ndani yake na kukuta vitu.

Dada, nakala iliyofuata ilinisisimua mwili. Gauni lilikuwa jeusi tii, na bado ungeweza kuhesabu mikunjo yake. Siku chache baadaye niliipeleka kwenye maonyesho ya wapiga picha.

Yaliyofuata unayajua nusu. Picha ilishika nafasi ya kwanza. Mwamuzi mmoja alisema hajapata kuona weusi wa namna ile ukitoka kwenye printa. Wewe uliomba ruhusa kazini ukaja na sare zako za kazi ya usafi, ukasimama mbele ya picha muda mrefu mpaka watu wakaanza kupita nyuma yako. Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini mbona wewe mwenyewe humo pichani. Ulisema ulikuwa umesimama pale mlangoni, una miaka kumi na mmoja, umenibeba mgongoni. Ndio mwaka ambao uliacha shule ili Mama apate kushona.

Nilikujibu kwamba picha ndivyo ilivyo, mlangoni hapakuwa na mtu.

Ulicheka kidogo. "Basi kichwa changu kinazeeka," ulisema. "Na watoto nimewahadithia miaka yote hiyo!" Ukanishika mkono, ukanipongeza. Ulipoomba nikurudishie ile ndogo, nilisema imefungiwa kabatini studio. Tangu siku hiyo umeiulizia mara nne, na mara zote nne nimekuwa na sababu.

Juzi Babu Wino alifungua droo yangu akitafuta kisu cha kukatia karatasi, akaikuta. Akaisogeza dirishani, akaitazama, kisha akaniuliza, "Huyu binti umempeleka wapi?"

Dada, umo. Ulikuwemo hata kwenye ile nakala nzuri ya kwanza. Nguo yako ilikuwa nyeupe-nyeupe, ikafanya giza la mlangoni lionekane kijivu, nami nilitaka nyuma ya Mama pawe peusi kabisa, waamuzi washtuke. Nikakoleza vivuli kwenye kompyuta kidogo kidogo, huku nakutazama. Miguu ilikwenda kwanza, ikafuata nguo. Uso ulikuwa wa mwisho. Wala haikuwa lazima. Gauni la Mama lilikuwa limeshapata weusi wake. Usimlaumu shangazi na sanduku lake, wala usiilaumu mashine. Ni mkono wangu.

Na pale ukumbini ningeweza kukwambia. Lakini mwamuzi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, nikakuona na zile sare, nikaona haya ajue wewe ni nani kwangu. Nilikuonea haya wewe, uliyenisomesha kwa kazi ya sare hizohizo. Hilo linaniuma kuliko picha, na nimeliandika mara mbili na kulichana mara mbili kabla ya kuliacha hapa.

Jana nilikwenda kwa waandaaji, nikawaeleza nilichofuta, nikawarudishia cheti chao. Yule mwamuzi aliniambia kukoleza vivuli hakuvunji kanuni yoyote, nisijisumbue. Nikamwambia ni kwa sababu hamjui aliyekuwa mlangoni. Nikarudi studio kwa Babu Wino. Aliwasha printa, akaniwekea karatasi.

Ndani ya bahasha hii kuna picha mbili, ile ndogo ya Mama na nakala mpya. Mlango umetoka kijivu kidogo, nimeuacha hivyo. Umesimama wima, shingo imeinama mbele kwa uzito wa jitoto nene, na unamkodolea macho mpiga picha kama mtu anayetaka amalize upesi kwa sababu ana kazi nyingi. Kabla hujaamua kunijibu au kutonijibu, waite wanao waione. Waambie kumbukumbu yako haina kasoro hata kidogo, ila mjomba wao alisema uongo, tena mbele yako.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Nilizoea kuja Jumapili bila hodi. Sasa nitangoja mpaka uniite.

Ni mimi,
mdogo wako.