Fomu Tulizochemshia Chai

Mama Jebet,

Nimerudi jana jioni na sauti yangu imebaki Kaptagat. Asubuhi hii nilipomjibu mwenye maziwa alidhani nina homa. Sina homa. Nimeimba siku tano mfululizo na watoto thelathini na mmoja, mimi, ambaye ulikuwa ukisema nikiimba ng'ombe wa jirani huacha kula. Thelathini na mmoja, Mama Jebet! Mkoba bado uko mlangoni na viatu vina matope mpaka kwenye kamba, lakini nimeona nikuandikie kabla sijafungua chochote. Nikianza kufua nitaanza kusahau, na wewe ulipenda habari zikiwa bado moto.

Nianze mwanzo. Unajua siwezi kuruka kurasa.

Wiki mbili baada ya kukuzika, kamati ya kanisa ilikaa. Mwenyekiti alisema maneno mazuri juu yako, kisha akasema safari ya watoto ya likizo ya Agosti ipumzike, kwa sababu aliyekuwa akiwakusanya hayuko tena. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Jumapili. Nimesimama. Sijui kwa nini." Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nitawakusanya mimi. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake. "Nyambura, kule Kaptagat wanatupatia vitanda thelathini. Jumatatu ya safari nikipata watoto thelathini hapa kwa geti, basi itaondoka. Wakipungua, tunafunga hii maneno kabisa."

Kabisa.

Ungekuwa wewe, ungefunga kilemba uanze kutembea. Miaka sita nilikufuata kwenye yale mabanda nyuma ya soko, wewe mbele mikono mitupu, mimi nyuma na daftari. Uliingia kila nyumba, ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukauliza habari ya mguu wa mtu na kuku wa mtu, na mimi moyoni nikihesabu: nusu saa imekwisha na hatujaandika hata jina moja. "Weka kalamu kwanza, kunywa chai," ulikuwa ukiniambia mbele ya wenyewe, nao wakicheka. Acha niungame. Nilifikiri unapoteza wakati.

Kwa hiyo mwaka huu nilifanya kwa mpango. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, karatasi ndiyo naijua. Nilichapa fomu safi ajabu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KAMBI YA WATOTO YA AGOSTI, KAPTAGAT. Chini yake jina la mtoto, umri, shule, ugonjwa kama upo, jina la mzazi au mlezi, nyumbani kwa asili, sahihi. Mistari yote imenyooka. Nilitoa kopi sitini, nikawapa watoto wapeleke nyumbani, na pembeni nikaandika zirudi Ijumaa. Kwa kweli nilijisikia vizuri. Nilidhani nimekupita.

Ijumaa zilirudi fomu tisa.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya basi, Mzee Kirwa aliingia dukani. Fomu yake ilikuwa na jina la Faith, binti yake wa miaka tisa. Lakini aliyesimama naye alikuwa kaka yake, kijana mrefu aliyevaa kaptura katika ile baridi ya asubuhi.

"Madam, nimekuletea huyu."

Nikamwambia fomu inasema Faith.

"Faith ni wa nini? Faith hata kuku inamshinda. Huyu Kiplagat ndio anakimbia."

Na Kiplagat, ili nisiwe na shaka, akaanza kukimbia papo hapo mbele ya mashine ya kopi, magoti mpaka kifuani. Mzee akaniuliza viatu vinapeanwa lini, na kama meneja ndiye atakuja na saa ya kupima. Nilichukua muda kuelewa. Kambi. Kaptagat. Nani katika Eldoret nzima anasikia maneno hayo mawili pamoja afikirie kitu kingine zaidi ya mazoezi ya wakimbiaji? Wazazi walionirudishia fomu walikuwa wamenichagulia timu! Nilicheka mpaka nikajishikilia kwenye mashine. Nikageuka nikuambie.

Ndiyo hivyo. Nimekuwa nikigeuka hivyo tangu tukuzike.

Kicheko kilipoisha nikajiuliza: kama waliorudisha wameelewa mbio, wale waliokaa kimya wameelewa nini? Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Shosho Wangari, yule muuza mboga anayelea mjukuu wake Shiru. Unakumbuka mwaka jana ulimwambia Shiru bado mdogo, akue kidogo. Nilimkuta nje akichambua managu. Fomu yangu alikuwa ameikunja mara nne akaiweka mfukoni mwa aproni, kama kitu cha kuonyesha polisi. Aliikunjua polepole juu ya goti.

"Ile ya Mama Jebet ilikuwa ya watoto kwenda kulala Kaptagat," akasema. "Hii ni ingine. Hii mmeandika kambi."

Nikasema ni kitu kile kile, Shosho.

"Si kitu kile kile. Kambi mimi nimekaa. Wakati wa zile fujo za kura tulipelekwa kwa hema, tukaambiwa ni wiki mbili, ikawa miaka. Mama ya huyu Shiru aliingia akiwa msichana wa shule. Alitoka akiwa na mtoto mgongoni." Kisha akaweka kidole kwenye fomu, kwenye mstari wangu ulionyooka. "Na ilianza na karatasi. Hivi hivi. Hapa mnauliza nyumbani kwa asili. Mnataka kujua ndio mfanye nini?"

Mstari ule niliutoa kwenye fomu ya shule fulani, nikaunakili bila kufikiri, na hakuna mtu mtaani aliyehitaji kuelezwa kwamba unauliza kabila. Mimi, Mama Jebet! Mimi niliyezaliwa Soy na wazazi waliotoka Nyeri, niliyeulizwa swali hilo hilo utotoni nikakosa mahali pa kutazama. Wakati wa zile fujo nilipelekwa kwa shangazi. Sikulala hemani hata siku moja. Labda ndiyo maana neno lile lilitoka mkononi mwangu bila kuniuma. Na Shosho alikuwa ameshazunguka mtaa mzima kuwaambia majirani wasitie sahihi.

Niliomba msamaha. Sikueleza chochote, niliomba tu. Akaniuliza, "Na wewe ni wa nani?" Nikamtajia mama yangu, na duka letu la Soy, na shangazi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua fomu, akaichana katikati, akaisukuma chini ya sufuria. "Hata imekauka vizuri," akasema. Nilitoa zile zilizorudi kwenye mkoba, na nyingine tukazikusanya kwa majirani, na maji yakachemka kwa karatasi zangu safi. Tulikunywa chai, Mama Jebet. Kalamu ilikuwa mkobani. Niliulizia habari ya mgongo wake.

Jioni ile nilishusha shajara zangu zote za miaka sita, nikatafuta. Mimi huandika maneno ya watu kama walivyoyasema, unajua. Hakuna ukurasa hata mmoja ambapo wewe ulitamka kambi. Uliwaambia, "Watoto wanakuja kulala kwangu Kaptagat." "Nataka kuwaazima watoto siku tano." "Nitawarudisha wakiwa wanene." Kamati nzima ilisema kambi, mimi nilisema kambi, na wewe, uliyekuwa wa upande mwingine wakati wa zile fujo kama watu wanavyopenda kuhesabu pande, uliingia nyumba zile miaka sita ukilizunguka neno hilo kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa. Hukuniambia. Labda ulidhani naona.

Nilipokuwa naondoka Jumamosi Shosho alikuwa ameniuliza, "Nani atalala na wao?" Nikasema mimi na walimu wawili wa Sunday School. "Na mimi," akasema. Nikamwambia hayumo kwenye orodha. Akanitazama tu. Orodha ilikuwa chini ya sufuria.

Jumapili baada ya ibada tukatembea naye nyumba kwa nyumba. Yeye mbele! "Ni ile ya kwenda kulala," aliwaambia, "hii msichana alikosea tu kuandika, na mimi naenda." Nimeandika neno kwa neno alivyojibu mama mmoja: "Kama Shosho anaenda, hata wangu abebe sweta."

Lakini kukubali Jumapili si kufika Jumatatu. Saa mbili asubuhi mwenyekiti alisimama getini akihesabu kwa kidole. Ishirini na sita. Abdi wa mabasi, aliyetupatia basi lake na kuja kuliendesha mwenyewe, alikuwa ameshawasha injini. "Mama, mvua inakuja. Tunaenda ama tunarudi kulala?" Mwenyekiti akaangalia saa. Nikahesabu tena, kana kwamba mtoto anaweza kuzaliwa katikati ya foleni. Ishirini na sita. Ndipo Mzee Kirwa akatokea kwenye kona na watoto wawili, Kiplagat na Faith, akasema, "Chukua wote, mtaona wenyewe." Ishirini na nane. Mwenyekiti akafungua mdomo. Na nyuma ya Mzee Kirwa, polepole kama harusi, akaja Shosho Wangari na sufuria kichwani, Shiru mkono huu, na watoto wawili wa jirani mkono ule.

Nilipiga kelele. Imeandikwa: "Nimepiga kelele getini."

"Shosho, hii ni ya watoto," mwenyekiti akamwambia.

"Mimi nilikuwa mtoto kabla yako," akamjibu, akapanda, akakaa kiti cha mbele karibu na Abdi.

Tulipofika Kaptagat, kabla hajaweka sufuria chini, alizunguka bweni lote. Aliweka kiganja ukutani, akausukuma. Akasukuma tena kwa mabega. "Ni mawe," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha akauliza jikoni ni wapi.

Nikueleze nini, niache nini? Baridi iliwapata, walivaa soksi mikononi. "Aki madam, hii baridi imetuweza!" Lakini asubuhi wakimbiaji walipopita barabarani ndani ya ukungu, watoto wote walitoka nje na soksi zao mikononi wakawafuata mpaka kwenye miti, na Kiplagat akaenda nao mbali zaidi, akarudi uso unang'aa. Faith kweli hakimbii. Jogoo wa mlinzi alimfukuza mara mbili. Lakini mwekee ubao wa drafti na vizibo vya soda! Alimshinda Kiplagat, akatushinda walimu, akamshinda Abdi mara tatu alipokuja kutuchukua Ijumaa, na Abdi akasema basi haliondoki mpaka arudishiwe heshima yake. Yote haya kwa uso mtulivu, kama anayechagua nyanya. Shiru alikula vikombe vitatu vya uji kisha akauliza kama kesho pia kutakuwa na kitanda.

Wale wa zamani walikuuliza siku ya kwanza. "Mama Jebet anakuja lini?" Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimeandika la kusema, hoja tatu. Sikusema hata moja. Nilisema amekufa. Kisha mmoja akasema, "Si basi tuimbe zile zake," na ndiyo maana sina sauti.

Ijumaa jioni tuliposimama getini mwa kanisa, watoto walikataa kushuka. Wazazi walikuwa wanangoja, mvua imeanza, na watoto wamejishikilia kwenye viti wakiimba. Mwenyekiti alipanda mlangoni kuwatoa, akaona hawatoki, akaketi kwenye ngazi ya basi. Alikaa pale wimbo mzima. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Wale wa Desemba mtaanza kuwakusanya lini?"

Nikatafuta sauti, haikuwepo. Shosho Wangari akamjibu kutoka kiti cha mbele.

"Tumeanza."

Basi, Mama Jebet, wacha nikuachie hapo. Jua limetoka na kuna blanketi thelathini na mbili za kufua, na jua la Agosti halingoji mtu. Nakuahidi hivi: sitapeleka tena karatasi mahali ambapo natakiwa kwenda mwenyewe. Nitaingia, nitakaa kwenye ndoo, nitaulizia mguu na kuku, na majina nitayaandika nikifika nyumbani. Ukinikumbuka huko ulipo, nikumbuke nikiwa nimechoka namna hii.

Kwaheri, rafiki yangu. Nina furaha mpaka naona aibu.

Nyambura
Kimumu