Mika wa Kilo Sita

Chimala, 12 Februari 2024

Mwanangu Goodness,

Salamu nyingi. Simu yangu inakatakata, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi. Yudith hajambo? Mimi mzima, kasoro mgongo. Nilikuahidi nitakuja Kihesa kumbeba mjukuu wangu, na sasa ana mwezi mzima sijambeba.

Ni huku kupandikiza mpunga. Niliinama siku tisa, ya kumi maumivu yakatoka kiunoni, yakashuka mpaka kidole gumba cha mguu. Jirani yangu Benedicta amenikanyaga mgongo kwa miguu yote miwili, na unajua Benedicta alivyojaaliwa. Sasa vidole vimekufa ganzi. Kesho atarudia.

Mama yako

Kihesa, 15 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Yudith kazi yake kunyonya na kulala. Nakusihi, Benedicta asikukanyage tena. Nilipompeleka mtoto kliniki nilimuuliza daktari. Anasema katikati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mto. Kimoja kikichomoza, kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Kidole kinauma, lakini tatizo liko kiunoni.

Nenda hospitali. Mguu ukilegea, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, usingoje hata saa moja. Nataka uje, mama, lakini zaidi nataka utembee.

Mwanao, Goodness

Chimala, 9 Machi

Mwanangu,

Natumaini hamjambo wote. Nimekwenda. Daktari kasema yaleyale, kanipa dawa, na kasema wengi hupona bila kisu. Nilitaka kulala mwezi mzima, akanikatalia: nitembee kidogo kidogo kila siku, shamba niache kwanza.

Mtaalamu wa mazoezi anaitwa Ezekia. Nikamuuliza kama nitaweza kubeba mjukuu. Akasema nimwonyeshe ninavyobeba. Nikainama mpaka chini, nikarusha mtoto wa hewa mgongoni, nikafunga kanga. Ezekia akashika kichwa.

"Mama, hapo ndipo unapojimaliza."

Mtoto awekwe mezani, mimi nimpe mgongo nikiwa wima, mtu amshikilie nikifunga. Miaka yote nimelea watoto vibaya, kumbe.

Vidole vimeanza kuamka. Benedicta amenuna.

Mama yako

Kihesa, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Yudith anacheka sasa, na ana kilo tano na nusu. Usijilazimishe. Hata ukikaa tu na kumtazama, inatosha.

Mwanao, Goodness

1 Juni

Mwanangu,

Kukaa na kumtazama hakunitoshi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalea. Ezekia aliponiruhusu, nilijaza mchele kilo mbili kwenye mfuko, nikaupa jina Mika, nikaubeba kwa kanga kuzunguka uwanja. Kila wiki Mika aliongezeka. Benedicta alichungulia uani akauliza ni mtoto wa nani. Siku hizi ndiye anayemweka mezani na kumshikilia, na amesahau kununa.

Jana Mika alifika kilo sita. Nilizunguka mara nne, mguu haukusema kitu. Nililia, Ezekia aliyekuja kunitazama akadhani nimeumia. Nilikuwa na furaha, mwanangu, basi.

Barua hii sikumpa kondakta. Nimepanda naye basi, na kila liliposimama nilishuka kujinyoosha. Mika yuko kwenye kikapu, tutampika jioni.

Ukifika mstari huu, acha kusoma. Mweke Yudith mezani. Nimeshakupa mgongo.

Mama yako