Kabla Hujampeleka Baba Nyama Choma

Chepkirui,

Nimeenda kanisani, leo ni zamu yangu kupikia wale wazee wasio na watu. Nitarudi saa kumi. Maharagwe yako kwa sufuria kubwa. Yakiiva, kaanga na kitunguu, nyanya na dania, chumvi kidogo sana. Mboga za managu usizilaze, uzichambue leo. Gesi inaisha, tumia jiko la makaa.

Asubuhi nilipokuomba usimpeleke Baba kula nyama choma Jumamosi, ulisema, "Mum, wewe hupendi kuona watu wakifurahi. Kila siku majani, kwani sisi ni mbuzi?" Baba alikuwa hapo mezani, akaendelea kunywa chai. Nikachukua aproni yangu nikatoka.

~~Fanya tu vile unataka.~~

Hapana. Keti kwanza. Mwezi wa tatu daktari alimwambia Baba moyo wake umechoka, aache nyama na chumvi. Baba aliniomba nisikwambie mpaka umalize mitihani. Ndiyo maana kila chakula mimi ndiye mbaya. Nimenyamaza miezi minne, leo nimeshindwa.

Pigia ile hoteli ya nyama choma uwaambie Jumamosi hamwendi. Baba akirudi kutoka kukamua ng'ombe, usimuulize kwa ukali. Anaogopa kuliko vile anaonyesha, na anaogopa zaidi wewe ukijua.

Akisema ni uongo, mwambie nimekwambia mimi. Wacha anikasirikie. Hiyo naweza kubeba.

Mama yako