Lenzi Uliyoiita Kipofu

Ami Khamis,

Nakutakia kheri na afya, kama mama alivyonifundisha kuanza barua kwa mtu mzima. Baada ya hapo maneno ni yangu mwenyewe. Naiweka barua hii kwenye kundi la familia, palepale ulipotangaza kwamba lenzi za marehemu baba ni vipofu. Ulisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Unanijua sina mdomo. Kwenye kuandika ninao.

Unakumbuka ulivyokuja kutoka Dar, mimi nimemaliza skuli juzi tu? Ulishuka na begi la kamera kifuani kama umebeba kichanga, hata kula ulikula nalo. Nilifurahi, ami, sikufichi. Nilipokuwa mdogo wewe ndiye uliyenipakata studio kwa baba, hapa Wete, ukanishikia lenzi yake ya kupigia vitu vya karibu nikamwona sisimizi mkubwa kama mbuzi. Nilidhani aliyerudi ni ami yule.

Nilikuonyesha lenzi zake mbili za zamani, ile ndefu ya Kijerumani na ile fupi ya Kijapani, ya yule sisimizi, ndani ya kopo lao la mchele. Baba aliukaanga mchele mkavu, akaupooza, akazizika lenzi humo ili unyevu unyonywe na mchele, maana kioo hapa kisiwani huota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Kaka alikuwa akipika biriani ya lenzi?"

Ukazitoa, mchele ukawamwagia kuku. Lenzi ukazitia kwenye friji, kando ya jagi la maji ya ukwaju, ukasema studio za watu wa maana ndivyo zinavyohifadhi.

Asubuhi ukatuita sote barazani tushuhudie. Ungezifunga lenzi za baba kwenye kamera yako ya dijitali, kwa ile pete ya kuunganishia, uzishindanishe na lenzi yako mpya tuone ipi kali zaidi. Ukachagua karatasi ya kampeni iliyobandikwa ukuta wa pili, kwa kuwa ina maandishi madogo chini. Jirani yetu Mzee Shaame akataka kujua mbona unapiga ya chama kile tu. Ikabidi upige na ya chama cha pili, ili tule mchana kwa amani. Katika shindano lako lote, haki ilikuwa hapo tu.

Maana lenzi yako ilikuwa imelala begini, chumbani kwako, katika joto lilelile la sisi sote. Za baba zilitoka kwenye baridi, ukazifunga papo hapo. Niliona kioo kikitoka jasho kama chupa ya soda. Nikasema, kwa sauti yangu hii ndogo, "Ami, lenzi imelowa."

Hukugeuza hata shingo. "We mwana, waachie wanaojua."

Picha za lenzi yako zikawa kali. Za lenzi za baba zikawa maziwa matupu. Ukampitishia kila mtu kioo cha kamera, hadi ukamfikia Bi Asha wa Konde, aliyekuja kupanga na mama harusi ya binti yake.

"Lenzi kipofu hizi," ukamwambia. "Na mpiga picha mwenyewe mtoto."

Ulijua ulichokuwa ukikivunja? Mikono ya bibi harusi hupigwa picha chumbani, hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, vikishakauka, na chumba kile mwanamume haingii hata akiwa na kamera ya dhahabu. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi yangu ya kwanza, mimi mtoto wa kike. Bi Asha akaaga kwa upole, akasema atafikiri. Wewe ukala pweza wa mama, na kesho yake ukapanda boti.

Nikakaanga mchele mpya, nikaziacha lenzi humo mpaka zikakauka kabisa. Kisha nikazipiga karatasi zilezile kwa kamera kuukuu ya dijitali aliyoiacha baba, nikaziweka picha kando ya zile ulizotutumia kundini. Sitasema uongo kwa ajili ya hasira. Pembeni, lenzi yako inaishinda ile ya Kijerumani. Katikati zinakwenda sawa. Lakini ile ya Kijapani inalisoma jina la mpiga chapa mpaka nukta yake, pale ambapo yako imeliacha kama doa la chai.

Mama aliziangalia moja moja. Akavaa buibui. "Zilete. Nakwenda Konde mwenyewe."

Nikapewa kazi. Mchoraji wa piko alipoona picha ya kidole cha bibi harusi, akaona mahali mkono wake ulipotetemeka, akaninong'oneza niifute. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Habari imekufika huko, maana sasa umemwandikia mama kwamba lenzi ni mali ya familia nzima, na kwamba wewe, ndugu wa marehemu, utumiwe ile ya Kijapani. Ami, kipofu unamtakia nini? Mtu aliyemcheka kaka yake akiwa kaburini, akamdharau mtoto wa kaka yake mbele ya mgeni, leo anakumbuka undugu kwa sababu ya kipande cha kioo. Nilikuwa nakuogopa. Siku hizi nakuonea haya tu, kama mtu anavyomwonea haya jamaa anayepiga kelele sokoni.

Lenzi haitoki koponi. Lakini jirani yetu Bi Time anasafiri kuja huko Dar Ijumaa na sikutaka aje kwako mikono mitupu, basi nimempa mfuko wako. Ni mchele uliokausha jasho la friji lako. Umeshamaliza kazi yake kwangu. Pika biriani.

Mtoto wa kaka yako