Mjomba, Nafasi Nane Zimejaa

Mjomba Lukwele, shikamoo. Uitike usiitike, mimi nimeamkia. Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama hapa Bigwa, na kabla ya mengine yote nataka usikie hili: nafasi nane zimejaa. Zote! Jana asubuhi vijana wanane wa Uluguru walipanda gari la moshi kwenda shule kubwa ya serikali kule pwani, shule ile ile uliyonipeleka mimi huku watu wakikucheka.

Nianze mwanzo, maana hukupenda mtu wa kurukaruka maneno. Nilipomaliza masomo na kupangiwa ukarani bomani Morogoro, mwalimu mkuu, Mdachi mmoja mrefu asiyejua kucheka, alinipa kazi moja zaidi. Nikifika kwetu niitangaze shule. Milima ilitengewa nafasi nane, na muda ni mwezi mmoja. Zisipojaa, alisema, watapewa vijana wa pwani, na huku kwetu hatauliza tena. Basi nikashuka stesheni na kanzu nyeupe na tarbushi, najiona akida mzima.

Nilianza na kaburi lako. Sitaki kusema mengi juu ya hilo. Uliondoka mwaka wangu wa mwisho, na barua ya msiba ilinifikia arobaini imeshapita.

Kisha nikazunguka. Bigwa, Mwembesongo, mpaka vijiji vya juu kwenye mashamba ya maharage. Kila mahali nilieleza kwamba kijana atasoma na kuandika, atajua hesabu na Kidachi, atajifunza useremala au kupiga chapa vitabu. Analala bwenini, anashiba, na jioni kuna bendi ya tarumbeta. Lakini hawachukui kila mtu: anatakiwa mwenye kichwa chepesi, mzima wa mwili, aliyeruhusiwa na mlezi wake. Waliouliza kama watoto watabatizwa niliwajibu kuwa nimekaa kule miaka sita na swala zangu sijaacha. Akina baba walinisikiliza vizuri mno. Wanane wakasema ndiyo, wakatia dole gumba kwenye karatasi, nami nikamwandikia Mdachi kwamba kazi imekwisha.

Siku ya safari nilisimama stesheni tangu alfajiri. Hakuja hata mmoja. Gari likaondoka, nikabaki na karatasi zangu mkononi, na wapagazi wananitazama.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama akauliza nani alitia dole. Nikamwambia, baba zao. Alicheka mpaka akaketi chini. "Mwanangu, pwani wamekuloga? Hao baba wamekupa kitu kisicho chao." Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke. Mluguru mimi, niliyeshikwa mkono na wewe mpaka stesheni huku baba yangu amekaa pembeni kwa adabu, nimesahau kwamba mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa mama yake, na kauli ya mwisho ni ya mjomba wake! Wale baba walinikubalia kwa heshima tu, nisione haya ugenini. Na zilikuwa zimebaki siku tisa tu mwezi wa Mdachi uishe.

Nikavua tarbushi, nikapanda mlima upya, safari hii kwa wajomba. Walikutana kwa Mzee Mloka, yule rafiki yako mbishi. Nikaanza tena habari za bendi na Kidachi. Akanikatiza.

"Unataka wapwa zetu. Wako yuko wapi?"

Wangu ni Abdala, mtoto wa dada Mwanahawa, uliyekuwa ukimbeba mabegani. Ana kichwa kuliko wote niliowaona, na sikumwandika. Nilikuwa nikijiambia ni kwa ajili ya mama, nani atamlimia, nani atamchotea maji. Uongo mtupu. Niliogopa nisije nikafa kabla hajarudi, kama ulivyokufa wewe.

Ndipo nikakuelewa. Ulikuwa na mpwa mmoja tu wa kiume, ukamtoa, wala hukuniambia kama inauma. Nililia pale pale mbele ya wazee, na sikuona aibu. Halafu nikachukua karatasi mpya, nikaandika jina la Abdala juu kabisa. Mzee Mloka akanyoosha dole gumba. Alikuwa na wapwa wawili, akawatoa wote. Siku mbili baadaye walikuwa wameshazidi nane, ikabidi niwape mtihani na kuwarudisha watatu wakinung'unika. Mimi, niliyekosa hata mmoja, leo nachagua!

Ilibaki karatasi ya Abdala. Mahali pa jina la mlezi nilipaacha wazi, maana tangu ufe hakuna aliyekaa kwenye kiti chako. Mama na wazee wa lukolo wakaniita, wakaniketisha juu ya kigoda chako, wakanipa jina lako kama ilivyo desturi. Nikaliandika mahali pa mlezi.

Jana stesheni haikuwa na pa kukanyaga. Akina mama walipiga vigelegele mpaka dereva akachungulia nje. Wajomba walisimama mbele, akina baba nyuma yao wakitabasamu, na Mzee Mloka aliwaambia watu wote kwamba wazo lilikuwa lake. Abdala alipanda bila kugeuka. Nilifurahi, Mjomba, nilifurahi hata kifua kikaniuma.

Lala salama. Nakuahidi kila mwaka nitapanda mlimani kutafuta wengine, na nitaanzia kwa wajomba. Na Abdala akirudi akanikuta na mimi nimeshalala udongoni, watu watamwambia kwamba sikumzuia.

Mpwa wako, ambaye sasa ndiye

Lukwele