Firigisi ya Mwalimu Wafula

Jumapili, Agosti 2009. Kitale.

Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na baridi ya leo ni ile ya kuingia mifupani. Niko saiba, kwenye kompyuta ya pembeni, na hata koti sijavua. Nilikuja kuandika makala mbili za mteja. Nusu saa imepita na sijaandika hata neno moja.

Ninaona haya. Wacha niseme hivyo kwanza, halafu nieleze.

Anayepita kwenye blogu hii mara kwa mara anajua kwamba ninaandikia tovuti za nje. Mteja ananitumia vichwa vya makala, ninaandika maneno mia tano, ananilipa dola mbili, kama shilingi mia moja na hamsini hivi. Nimelalamika humu mpaka nimejichosha mwenyewe, ati wazungu wanatunyonya, ati kazi ya kichwa inalipwa chini ya kibarua cha kupalilia. Yote ni kweli. Ila kuna jambo ambalo sijawahi kulisema. Nusu ya makala hizo si zangu.

Ni za Mwalimu Wafula, aliyenifundisha Kiingereza darasa la saba. Alistaafu, anakaa kwake Kabuchai na mahindi yake, na pensheni ambayo kila mwezi ina sababu mpya ya kuchelewa. Januari kazi ilinizidi, nikamkumbuka. Ninamchapishia kurasa za kusoma, yeye anaandika kwa mkono kwenye daftari, mwandiko ule ule wa ubaoni. Mtu wa boda boda analifikisha daftari Bungoma mjini, na kutoka hapo linapanda gari la Kitale. Mimi ninapiga chapa tu. Siku moja alinipigia simu kuuliza kama kweli kuna watu wanaowapiga mbwa mswaki. Nilipomwambia wapo, alicheka sana, kisha akaandika makala tamu kuliko zote.

Nilimwambia wazungu wanalipa shilingi sabini kwa makala. Nilijipa sababu. Akaunti ni yangu, saiba ninalipa mimi, shilingi moja kila dakika. Labda hapo palikuwa na haki kidogo. Lakini mwezi wa nne mteja aliniandikia kwamba kazi imekuwa safi mno, akapandisha malipo hadi dola tano. Makala alizozitaja kwa sifa zilikuwa tatu, na zote tatu ni za Mwalimu.

Sikumwambia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miezi minane na bado ninatembea.

Jana Mwalimu alinialika kwake. Walichinja jogoo. Mkewe akaleta ugali na bakuli la nyama, na firigisi ikawekwa mbele ya Mwalimu, kwa sababu kwetu Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba. Bibi yangu alizikwa bila kuionja. Enzi zake mwanamke hata kuku mwenyewe hakumla. Basi Mwalimu akaichukua ile firigisi kwa kijiko na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Baba, si huyo ni msichana," mwanawe mkubwa akasema, akijaribu kucheka.

"Najua ni msichana, nilimfundisha. Wewe umeniletea kazi gani tangu nistaafu? Huyu amefanya nisomwe Amerika, bana. Kula, Nekesa."

Mkewe aliinamisha macho. Wanawe walinitazama. Nikala. Ilikuwa imepikwa vizuri, na nilikaa nayo mdomoni muda mrefu kabla haijashuka.

Baadaye alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimempa vichwa vya wiki hii, akawa anavisoma huku tunatembea, karatasi imegusa pua. Alijikwaa mara mbili.

"Sasa Nekesa, uniombee kwa hao wazungu," akasema. "Si nyingi. Hata shilingi kumi juu. Daktari wa macho pale Bungoma aliniandikia miwani tangu Machi, lakini bado nasukuma sukuma, pesa haijatosha."

"Nitawaomba, Mwalimu."

Nilisema hivyo. Kwa sauti ya heshima kabisa, ile ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Wazungu gani? Mzungu mwenyewe ni mimi.

Na sasa nimeyaandika haya yote, na hila yangu ninaijua. Nimekuja kuungama mahali ambapo Mwalimu hafiki. Hana kompyuta, hajui blogu ni kitu gani. Nyinyi mtaniandikia maneno ya kunifariji hapo chini, ati maisha ni magumu, ati usijihukumu, nami nitajisikia nafuu, na yeye ataendelea kuandika karatasi ikiwa puani.

Hapana. Kesho ninamtumia bahasha. Ndani nitaweka pesa za miwani, ambazo kusema kweli zilikuwa zake tangu mwezi wa nne, na ukurasa huu huu, mzima, pamoja na pale niliposema labda palikuwa na haki kidogo. Zilizobaki nitazirudisha polepole, kama bado atataka kunisikia. Huenda asitake. Huenda daftari lisije tena, na mkewe akakumbuka ile firigisi na kutema mate.

Atausoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana ndivyo anavyosoma kila kitu.

Nimeshamwambia mwenye saiba awashe printa. Nina hofu.